Kuchoma CD na DVD Zisizochagua Deki: Mwongozo Kamili

Niliwahi kuichomea kwaya DVD 40 za tamasha lao. Nilijaribu tatu kwenye kompyuta ileile niliyochomea, zote zikacheza bila shida, nikazigawa. Kabla ya wiki kwisha zilikuwa zimerudi kumi na moja. Moja, deki inaandika NO DISC. Nyingine inaanza vizuri, lakini ikikaribia mwisho picha inagandaganda. Nyingine inakubali kwa mwenyewe, akiipeleka kwa dada yake haikubali. Mzee mmoja aliyeimba ubeti wa peke yake mwishoni mwa tamasha hakujiona mpaka nilipomchomea upya.

Tangu hapo siichukui kompyuta iliyochoma kuwa shahidi. Draivu ya kompyuta ni msomaji hodari, tena inasoma maandishi iliyoyaandika yenyewe. Diski inachomwa kwa ajili ya deki iliyo dhaifu kuliko zote itakazoingia: deki ya zamani ya sebuleni yenye lenzi iliyochoka, au redio ya gari iliyokula vumbi na mitikisiko miaka mingi. Ikikubali huko, kwingine haina taabu. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa kuifikiria deki hiyo.

Kwa nini deki moja inakubali na nyingine inakataa

CD ya kiwandani imegongwa kwa muhuri. Kwenye plastiki kuna vishimo halisi, na juu yake limepakwa tabaka jembamba la alumini. Leza inapopita, mwanga unarudi kwa nguvu palipo sawa na kufifia penye kishimo. Diski ya kuchoma haina vishimo. Ina mfereji mwembamba unaozunguka kutoka katikati kwenda ukingoni, na juu ya mfereji huo kuna rangi ya kemikali. Draivu inapochoma, leza inaiunguza rangi hiyo nukta kwa nukta, na nukta zilizoungua zinarudisha mwanga hafifu. Deki inadanganyika, inaona kana kwamba ni vishimo.

Tofauti ya deki na deki ni uwezo wa kuona udanganyifu huo. CD ya kiwandani huakisi asilimia 70 ya mwanga au zaidi. CD-R iliyotengenezwa vizuri huisogelea, kama asilimia 65 hadi 70. CD-RW, ile ya kufuta na kuandika tena, huakisi kati ya asilimia 15 na 25 tu, na deki ambayo haikuundwa kwa ajili yake haioni kitu. DVD-RW nayo iko chini hivyohivyo, kiasi kwamba deki nyingine huidhania kuwa DVD ya tabaka mbili na kuhangaika kutafuta tabaka la pili lisilokuwepo.

Kuna na suala la rangi ya leza. CD husomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD kwa nanomita 650. Ile rangi ya kemikali ya CD-R iliundwa iakisi leza ya 780. Mbele ya leza ya DVD inakuwa kama kioo cheusi. Ndiyo maana deki za DVD za mwanzo kabisa, zisizo na leza ya pili, zilicheza CD za dukani na kuzikataa za kuchoma. Ukikutana na deki ya umri huo, usiilaumu diski yako.

Hatua ya 1: Jua diski inakwenda wapi

Kabla ya kugusa kompyuta, uliza swali moja: itachezwa kwenye nini? Kwa muziki peke yake kuna diski za aina mbili zinazofanana kwa macho lakini kwa deki ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ya kwanza ni CD ya audio. Inafuata kanuni za Philips na Sony za mwaka 1980: sauti isiyobanwa, sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, stereo, nyimbo zisizozidi 99. Hii inachezwa na kila kitu kinachoitwa deki ya CD. Ya pili ni CD ya MP3, ambayo kwa hakika ni CD ya data yenye mafaili. Inataka deki yenye akili ya kufungua MP3, na kwa kawaida deki hiyo huwa na alama ya MP3 usoni.

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtu ana folda ya nyimbo 120 za MP3, zote pamoja megabaiti 600. Anaona CD imeandikwa MB 700, anaziburuta zote, anachoma. Kwenye kompyuta zinacheza. Kwenye deki ya zamani, ama kimya ama NO DISC. Akijaribu kuchoma CD ya audio kwa nyimbo zizo hizo, programu inamwambia hazitoshi. Anadhani programu ni mbovu. Programu haina kosa: CD ya audio haipimwi kwa megabaiti za MP3, inapimwa kwa dakika. Ina dakika 74 au 80, na wimbo wa dakika nne utakula dakika nne hata kama faili lake ni dogo kiasi gani. Nyimbo 120 zitahitaji CD sita au saba.

Ushauri wangu: kama hujui deki, choma CD ya audio. Kama mwenyewe anataka nyimbo nyingi na ana redio yenye alama ya MP3, mchomee ya MP3. Usichanganye audio na data kwenye CD moja. Inawezekana, lakini unatafuta matatizo.

Kwa picha, lengo ni DVD-Video kamili, yaani diski yenye folda ya VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya VOB, IFO na BUP. Faili la MP4 lililoburutwa kwenye DVD si DVD-Video. Deki chache zitalicheza, nyingi zitalikataa. Blu-ray inatumia leza nyingine ya nanomita 405, deki ya DVD haiwezi kuisoma kabisa, basi tuiache.

Hatua ya 2: Chagua diski tupu

Kwa CD, nunua CD-R. Usitumie CD-RW kwa kitu cha kumpa mtu. Diski za dakika 90 au 99 zipo. Ziepuke, kwa sababu mifereji yake imebanwa kupita kanuni. Hata hii ya dakika 80 tuliyoizoea mifereji yake iko karibu zaidi kuliko ya dakika 74, na deki kuukuu kabisa huipenda zaidi ya 74. Ukizipata, ziweke kwa ajili ya wateja wenye mashine za aina hiyo.

Kwa DVD kuna DVD-R na DVD+R. Ya kutoa ilitangulia, mwaka 1997, na ya kujumlisha ikafuata mwaka 2002, kwa hiyo deki kuukuu huijua zaidi ile ya kutoa. Zote huandikwa GB 4.7, ambazo kompyuta itakuonyesha kama 4.38 kwa sababu inahesabu kwa 1,024 badala ya 1,000. Hukuibiwa.

Ukisoma mpaka hapo utasema basi DVD-R imeshinda. Ila DVD+R ina siri moja nzuri. Kila DVD hubeba mwanzoni mwake alama inayoiambia deki "mimi ni aina fulani". Deki za zamani zikisoma alama ya DVD+R hazijui ni kitu gani, zinakataa hata kabla ya kujaribu. Lakini kwa DVD+R draivu inaweza kuandika alama ya DVD-ROM, yaani ya diski ya kiwandani, na deki ikaingia bila kuuliza. DVD-R haibadilishiki hivyo. Katika ImgBurn, programu ya kuchomea ya Windows, utaona picha ndogo ya kitabu kwenye dirisha la kuchomea. Ibofye, chagua jina la kampuni ya draivu yako, kisha badilisha Book Type ya DVD+R iwe DVD-ROM. Kwenye Linux, kazi hiyo hufanywa na dvd+rw-booktype. Si kila draivu inakubali. Yangu ya sasa inakubali, kwa hiyo natumia DVD+R yenye alama ya DVD-ROM. Kama yako haikubali, baki na DVD-R.

DVD za tabaka mbili, za GB 8.5, sizipendekezi kwa kugawa. Leza inabidi iruke kutoka tabaka moja hadi jingine katikati ya picha, na hapo deki dhaifu huganda. Tamasha likiwa refu, ligawe kwenye diski mbili.

Kuhusu jina la pakiti: kampuni iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi siyo iliyotengeneza diski. Pakiti mbili za jina moja zinaweza kutoka viwanda viwili. Ukweli uko ndani ya diski: ukiiweka diski tupu, ImgBurn huonyesha upande wa kulia msimbo wa mtengenezaji, kwa mfano MCC-004-00 kwa DVD+R fulani za Verbatim. Nunua pakiti ndogo, tazama msimbo, choma mbili tatu, zijaribu. Zikikubali, andika msimbo huo kwenye daftari na ununue nyingi. Mimi daftari hilo limeniokoa kuliko ushauri wowote wa muuzaji.

Usitupe pesa kwenye CD-R zilizoandikwa "kwa ajili ya muziki" ukitarajia sauti bora. Hizo zilitengenezwa kwa deki za nyumbani za kurekodi, ambazo hukubali diski zenye alama hiyo tu. Sauti ni ileile.

Hatua ya 3: Andaa yaliyomo

*CD ya audio.* Tafuta chanzo bora ulicho nacho: WAV au FLAC kabla ya MP3. Programu ya kuchomea itaifungua MP3 yenyewe na kuigeuza, lakini haiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea. Nyimbo zikitoka sehemu mbalimbali, zisawazishe sauti ili msikilizaji asiruke kila wimbo kushika kitufe. Zisawazishe kwa kuzishusha zile zenye kelele. Ukipandisha za chini mno utazipasua. Na usijaze CD hadi pomoni. Diski huandikwa kutoka katikati kwenda nje, na ukingoni ndiko rangi ilikopakwa kwa shida na ndiko vidole hushika. Mimi husimama dakika ya 76.

*CD ya MP3.* Tumia kiwango kimoja kisichobadilika, kilobiti 128 hadi 192 kwa sekunde, sampuli 44,100. Redio za zamani zikikutana na MP3 ya kiwango kinachobadilika huonyesha dakika za uongo, na nyingine hukatakata. Toa picha kubwa za jalada zilizofichwa ndani ya mafaili. Majina yawe mafupi, herufi za kawaida na tarakimu, bila alama za ajabu. Anza kila jina na namba zenye tarakimu sawa: 001, 002, 003. Ukiandika 1, 2, 10, deki nyingi zitacheza 1, kisha 10, kisha 2. Folda ziwe ngazi moja tu. Redio nyingine zina kikomo cha mafaili 255, kwa hiyo usizidishe hapo hata kama nafasi ipo.

*DVD.* Picha iwe MPEG-2, ya 720 kwa 576 na fremu 25 kwa sekunde kwa PAL, au 720 kwa 480 na fremu 29.97 kwa NTSC. PAL na NTSC ni mifumo miwili ya televisheni. Deki za nchi za PAL nyingi huicheza NTSC. Za nchi za NTSC mara nyingi huikataa PAL. Diski ikivuka mipaka, NTSC ni salama zaidi. Sauti iwe AC-3 ya sampuli 48,000. Eneo, ile namba ya kufunga diski kwa sehemu fulani ya dunia, iache wazi kwa maeneo yote.

Kinachoua DVD za kuchoma kuliko yote haya ni picha nzito. Kanuni inaruhusu picha ya hadi megabiti 9.8 kwa sekunde, lakini hiyo ni kwa diski ya kiwandani. Deki inaposoma diski ya kuchoma hukosea mara nyingi zaidi na kurudi kusoma tena, na picha ikiwa nzito inakosa muda wa kurudi. Ndipo inapoganda. Weka kilele kisizidi 8, na wastani uupate kwa hesabu hii: gawanya megabiti 36,000 kwa idadi ya sekunde za video. Dakika 90 ni sekunde 5,400, jibu ni 6.67. Ondoa 0.2 ya sauti, picha ibaki kama 6.4. Dakika 120, jibu ni 5, picha ibaki 4.8. Hesabu hiyo imeshaacha megabaiti 200 za ukingoni bila kuguswa.

Anayependa amri anaweza kutumia ffmpeg:

ffmpeg -i tamasha.mp4 -target pal-dvd -b:v 4800k -maxrate 8000k -b:a 192k -aspect 16:9 tamasha.mpg

Kisha ipeleke kwenye DVDStyler kupanga menyu. Menyu iwe rahisi. Ukitaka diski ianze kucheza yenyewe ikiingizwa, iwe hivyo. Wazee wengi hawana rimoti inayofanya kazi.

Jambo la mwisho ambalo wengi hawalijui: video ikiwa fupi, tuseme dakika tano, diski itachomwa pete nyembamba tu katikati, na deki nyingine hushindwa kujipanga juu ya pete hiyo. Hakikisha yaliyomo yanafika angalau GB 1. Baadhi ya programu zina chaguo la kujaza zenyewe. Kama yako haina, rudia video ileile mara kadhaa au ongeza folda ya picha za tukio.

Hatua ya 4: Mipangilio ya kuchoma

Nakili kila kitu kwenye diski kuu ya kompyuta kwanza. Usichome moja kwa moja kutoka flashi au mtandao. Draivu za tangu mwaka 2000 hivi zina kinga inayosimamisha leza data ikikatika njiani na kuendelea ikirudi, lakini pale ilipounganishwa hubaki kovu, na kwenye muziki kovu linaweza kusikika. Kama draivu yako ni ya nje ya USB, ichomeke kwenye kompyuta yenyewe, si kwenye kigawanyio. Umeme ukipungua leza inapungua.

Windows, ukiingiza diski tupu, itakuuliza kama unataka itumike mithili ya flashi au itumike kwenye deki ya CD/DVD. Chagua ya deki. Ile ya flashi huandika kwa mfumo ambao deki za kawaida haziuelewi, na nimepokea diski nyingi "mbovu" ambazo kosa lake lilikuwa jibu hilo moja.

Halafu kasi. Kuna imani kwamba polepole kabisa ndiyo bora. Ilikuwa kweli zamani. Rangi za diski za sasa zimeundwa kwa kasi kubwa, na ukiichoma CD ya 52x kwa 2x, leza inakaa juu ya nukta muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa na kingo za nukta zinatawanyika. Kasi kubwa mno nayo inaitikisa diski ukingoni. Kaa katikati. CD-R ya 52x ichome kwa 16x hadi 24x. DVD ya 16x ichome kwa 8x. CD nzima ya dakika 80 kwa 16x inachukua dakika tano na ushee. Hakuna kasi ya kuitamani zaidi ya hiyo.

Kwa CD ya audio chagua DAO, maana yake leza inaanza na kumaliza bila kusimama. TAO husimama kila baada ya wimbo, na mara nyingi utasikia kimya cha sekunde mbili katikati ya nyimbo zinazopaswa kuungana. K3b na programu nyingine nzuri zinakupa uchaguzi huo waziwazi. Usichome kwa awamu, leo nyimbo tano na kesho tano.

Kisha funga diski. Programu huandika Finalize au Close Disc. Kufunga ndiko kunakoandika orodha kamili ya yaliyomo na alama ya mwisho. Bila hivyo deki inaiona diski ambayo haijaisha, na inaitema. Diski iliyosahauliwa wazi si ya kutupa: katika ImgBurn ingia kwenye menyu ya Tools, kisha Drive, utakuta amri ya kuifunga.

Wakati inachoma, iache kompyuta ifanye kazi hiyo moja. Na usiiweke kwenye meza inayotikisika.

Hatua ya 5: Hakiki kwa macho, kwa programu, kwa deki

Diski ikitoka, ishike kwa kingo, uigeuze upande wa chini, uilaze kwenye mwanga wa dirisha. Utaona sehemu iliyochomwa ina weusi kidogo kuliko ile iliyobaki, na mpaka wao ni mstari mkali kama uliochorwa kwa bikari. Weusi huo uwe sawasawa kutoka katikati hadi mpaka. Ukiona pete za rangi tofauti, kama mistari ya mti uliokatwa, au doa linalofuata mzunguko, diski hiyo usimpe mtu hata kama inacheza. Nilijifunza kuangalia hivi kwa zile kumi na moja zilizorudi: saba kati yake zilikuwa na pete karibu na ukingo, na sikuwa nimewahi kuzigeuza.

Washa uhakiki, yaani Verify, ndani ya programu. Unaongeza dakika kadhaa, lakini unajua kila baiti inasomeka. Anayetaka kwenda mbali zaidi na ana draivu inayoruhusu, QPxTool itamwonyesha makosa. Kwa CD, makosa ya C1, yaani madogo ya kusoma, hayaruhusiwi kuzidi 220 kwa sekunde, na diski nzuri iko chini sana ya hapo. C2, yaani makubwa zaidi, iwe sifuri. Kwa DVD, jumla ya PI, yaani makosa ya kusoma ya DVD, katika bloku nane isizidi 280.

Baada ya hapo ndiyo deki. Weka pembeni deki moja ya zamani kwa kazi hii tu, na usiisafishe lenzi kila mara. Unataka deki hiyo iwe kali kwa diski. Ingiza diski, usikilize. Diski nzuri utasikia mvumo mmoja unaopanda, kisha kimya, kisha namba ya nyimbo. Diski ya mashaka utasikia inazunguka, inasita, lenzi inagonga tk-tk-tk, inazunguka upya. Hata ikisoma mwishowe, imekuonya. Kisha ruka moja kwa moja hadi wimbo wa mwisho, au dakika tano za mwisho za video, uzitazame zote. Makosa hujificha ukingoni, na hapo ndipo yule mzee wangu alipokuwa anaimba.

Ukichoma nyingi, jaribu ya kwanza kabla ya kuendelea, kisha moja katika kila kumi.

Hatua ya 6: Kuandika na kutunza

Usibandike karatasi. Karatasi huifanya diski izunguke imeegemea upande mmoja, joto la redio ya gari huikunja, na ikibanduka ndani ya redio ya kumeza utalipa fundi. Andika kwa kalamu ya wino laini isiyo na ncha ngumu. Biki ni mwiko, hasa kwenye CD: watu hulinda upande wa chini na kuusahau wa juu, kumbe tabaka linaloakisi liko juu kabisa, limefunikwa na vanishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa chini unaweza kung'arishwa. Wa juu umeondoa data. DVD imejibana katikati ya bamba mbili za milimita 0.6, ndiyo maana huvumilia zaidi.

Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka, usizungushe. Isikae juani, mwanga hupausha rangi ileile uliyoiunguza. Ndani ya gari lililofungwa mchana, usiiache kwenye dashibodi.

Ikikataa

Anza kwa kujaribu CD au DVD ya kiwandani kwenye deki hiyo. Nayo ikikataa, lenzi ni chafu au imechoka. Diski yako haina kesi.

Ikicheza ya kiwandani na kuikataa yako, angalia kwa mpangilio huu: imefungwa? Siyo RW? Alama ya DVD+R umeibadilisha? Yote yakiwa sawa, choma upya kwa diski ya mtengenezaji mwingine, kasi ileile. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua kilichoponya.

Inasoma lakini hakuna sauti, au inaonyesha wimbo mmoja mrefu: umechoma data kwa deki ya audio. Picha imekosa rangi au inapanda na kushuka: ni PAL na NTSC. Inaganda sehemu tofautitofauti kuelekea mwisho: diski duni au kasi, punguza kutoka 8x hadi 4x ujaribu. Inaganda mahali palepale kwenye deki zote: angalia mkwaruzo, na kama hakuna, tazama pale kwenye video kuna nini. Mara nyingi utakuta taa za jukwaani zinamemeteka, au vigelegele na watu wote wamesimama wanapunga mikono, picha ikapanda hadi kilele. Rudi kwenye hesabu ya megabiti, shusha kilele kifike 7, uchome tena.